Sikio la Sajini

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutibu wanyama huku kwetu Ukambani, kitu cha kwanza mtakachoambiwa na mwenye mbwa ni kwamba ni kupe. Mbwa anatikisa kichwa, ni kupe. Mbwa anakwaruza sikio mpaka linatoka damu, ni kupe. Mbwa amelala kivulini hataki kula, ni kupe pia. Na mara nyingi mtaambiwa kweli, maana Kitui na Makueni hatujawahi kupungukiwa na kupe. Lakini sasa nimestaafu, nina muda wa kukaa na kufikiri, na mbwa ninaowakumbuka zaidi ni wale ambao hawakuwa na kupe hata mmoja.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo, si daktari, ingawa watu waliniita Mama Daktari hata nilipokataa. Kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe na mbuzi: chanjo, dawa za minyoo, kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa. Mbwa aliletwa mwisho, wakati nimeshafunga sanduku langu, na mwenyewe akiona haya kidogo. "Na hii nayo uiangalie tu, Mama Daktari, kama uko na nafasi." Mkisikia maneno hayo, fungueni sanduku tena bila kununa. Huku kwetu mtu hamleti mbwa mbele ya majirani wenye ng'ombe ila jambo liwe limemshinda.

Wakati nilipohamishiwa upande wa Makueni nilikaa Emali. Karibu na njia panda ya kwenda Loitokitok kulikuwa na gereji ya malori, na mafundi wake walikuwa na mbwa wao, Tabo, jina walilolitoa kwenye injini. Tabo alikuwa akitikisa kichwa kwa miezi mingi. Walipoamua kuniita nikamkuta sikio la kulia limejaa oili nyeusi, ile inayotolewa kwenye gari ikishachoka.

"Tulimwekea oili, Mama Daktari," fundi mkuu akaniambia bila wasiwasi wowote. "Oili inamaliza kupe yote."

"Na wameisha?"

"Hatuwaoni."

"Mlikuwa mmewaona kabla ya oili?"

Akawageukia wenzake. Hakuna aliyekuwa amewaona.

Nikakaa chini kwenye vumbi la gereji, mafundi wawili wakanishikia mbwa, nikasafisha kwa pamba na maji ya chumvi yenye uvuguvugu mpaka pamba ikaanza kutoka nyeupe. Chini ya oili kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa haragwe, mwekundu wa kuelekea zambarau, umekaa ndani kabisa ya tundu na kutoka damu kila nilipougusa. Muda wote huo Tabo alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Tulipomwachilia atembee alizunguka kulia, akarudi palepale, akazunguka tena. Uso wake upande ule ulikuwa umelegea na mate yalikuwa yakimtoka. Dalili hizo zikishafika, wanangu, ugonjwa umetoka kwenye sikio umeingia ndani ya kichwa. Daktari wa mifugo wa pale alikuja akamdunga sindano ya kumpumzisha, na mafundi walivua kofia zao. Yule mkuu akanivuta kando akaniuliza kama ni oili iliyomuua. Nikamwambia hapana, oili ilitufanya tu tusiuone ule uvimbe mapema. Nilimhurumia sana, maana alikuwa amemtunza mbwa yule kwa njia pekee aliyoijua.

Kwa hiyo msimimine kitu chochote kwenye sikio ambalo hamjalitazama. Si oili, si maji ya tumbaku, si mafuta ya taa, si dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimeyakuta yote hayo ndani ya masikio ya mbwa, na mengine siyataji kwa sababu huenda mnasoma huku mnakula.

Aliyenifundisha kutazama sikio ni Daktari Musembi wa Kitui mjini, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa ambayo hata mbwa wakali waliikubali. Siku yangu ya kwanza naye alinisogezea mbwa wa mlinzi wa duka fulani, akaniita kwa jina langu, "Mwende, nusa."

"Ninuse nini, daktari?"

"Masikio. Ama ulifikiri pua ulipewa ya kupumulia peke yake?"

Nikanusa. Sikio la kushoto lilinuka mbwa, basi. La kulia lilinuka kitu kilichooza, na harufu ile ilinifuata hadi kwenye chakula cha mchana. Daktari Musembi alicheka kidogo aliponiona nimesukuma sahani, kisha akanieleza mambo ambayo nimeyatumia maisha yangu yote ya kazi.

Anza na sikio zima, alisema, si lile bovu. Ukishajua zima la mbwa huyo likoje, rangi yake, joto lake, harufu yake, bovu halitakuficha kitu. Kupe na vidudu vya sikio kwa kawaida hupenda masikio yote mawili. Ukiona taabu ni ya sikio moja tu, na mbwa amekomaa au ni mzee, kaa chonjo. Ukiona sikio hilo limetibiwa likapona, likarudi, likatibiwa likapona, likarudi tena, acha kubadilisha dawa na utafute kitu kinachojificha nyuma ya usaha. Tazama kama nta inayotoka ina damu. Bonyeza taratibu pale sikio linapoanzia, uone kama analia. Mfungue mdomo, uone kama analia. Pitisha vidole chini ya taya, kwenye tezi, uone kama upande mmoja umevimba kuliko mwingine. Mwite ukiwa umesimama nyuma yake, kwanza upande huu, kisha upande ule. Na kama mbwa ana masikio meupe yenye manyoya haba, tazama ukingo wake ambao jua letu linauchoma mwaka mzima. Kidonda kidogo chenye gaga pale, kinachobanduka na kurudi na kisichopona, si kidonda cha kupuuza.

Jambo moja lilimkasirisha mtu huyu mpole. Mwenye mbwa akichelewa miezi, kisha akaja akisema kwa huzuni kwamba sikio la kufa halisikii dawa, Daktari Musembi alikuwa akiweka vyombo chini na kumtazama. "Hujalitia dawa likakataa kusikia," angemwambia. "Hukuliletea." Halafu angevichukua vyombo vyake na kuendelea kumhudumia mbwa kama kawaida.

Lakini msije mkatoka hapa mkaanza kuona saratani kwenye kila kinundu. Katika mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, kulikuwa na mchungaji wa kanisa moja dogo aliyekuwa na mbwa mchanga, bado ana meno ya utoto. Mbwa yule aliota kitu kwenye sikio, cha mviringo, chekundu, kinang'aa, hakina nywele, kinafanana na kifungo cha koti. Kijana mwenzangu wa kazi alikuwa ameshatoa kisu. Nikamwambia asubiri, nikapiga picha kwa simu nikamtumia Daktari Musembi. Jibu lake lilikuwa fupi: mbwa ni mdogo, muacheni, mwangalieni kila wiki, kikikua au kikidumu mniletee. Nikampa mchungaji maneno hayo. Akayasikiliza kwa heshima, akaenda akamwekea mbwa mikono na kuomba.

Kinundu kikanywea, kikakauka, kikaanguka, kama aina ile inavyofanya mara nyingi kwa mbwa wachanga. Jumapili mchungaji alitoa ushuhuda kanisani, na wiki iliyofuata nyumbani kwake kulikuwa na foleni ya mbwa. Sikumpinga mbele ya watu. Nilimwendea faraghani nikamwambia, "Mchungaji, endelea kuwaombea, lakini wale wazee wenye sikio linalonuka waombee wakiwa njiani kuja kwangu." Alicheka sana, na tangu siku hiyo aliniletea wagonjwa wengi kuliko mtu mwingine yeyote Makueni. Wawili kati yao walipona kwa sababu waliletwa mapema.

Sasa nije kwa Sajini, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikae niandike.

Niliporudishwa Kitui nilikuwa nikihudumia vijiji vya ng'ambo ya Matinyani. Katika kimoja aliishi Susu Kalondu. Susu ni nyanya, na kijiji kizima kilimwita hivyo, wazee wenzake pia. Alikuwa mjane, watoto wake wakitafuta riziki mbali, na kilichomshikilia pale ni mbuzi wake na mbwa aliyewachunga. Kwa kweli mwenye kuchunga alikuwa Sajini. Susu alikuwa na magoti mabaya, hakuweza tena kushuka mtoni. Asubuhi alifungua zizi, Sajini akatoka na mbuzi, akawapitisha kando ya mashamba ya watu bila kugusa pojo wala mbaazi ya mtu, akawanywesha kwenye visima vya mchanga, akawarudisha. Bila Sajini mbuzi wangeuzwa, na bila mbuzi Susu angehamishwa kwenda kuishi kwenye chumba cha mwanawe Nairobi. Alikuwa ameshaniambia kwamba huko atakufa kabla ya mvua mbili.

Alimleta siku ya chanjo, mwisho kabisa, baada ya ng'ombe wote. "Ni kupe tu, mwiitu wakwa," akasema, akiniita binti yake. "Nimetoa nyingi lakini bado anakwaruza."

Nikaanza na sikio zima. Kisha nikainua la kushoto. Upande wa ndani, karibu na mdomo wa tundu, kulikuwa na uvimbe mgumu usio na umbo, umepasuka juu, unatoa majimaji yenye damu. Harufu niliitambua kabla sijainama.

"Hiki kimekuwepo tangu lini, Susu?"

"Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Nilifikiri ni kupe imeng'ang'ania. Nilijaribu kuivuta."

Huyo kupe hakuwa na miguu, nikamwonyesha. Nikamwonyesha pia kupe wa kweli shingoni mwa mbwa, anavyojisogeza ukimgusa. Alitazama kwa muda mrefu, na nikaona ameelewa.

Tulimpeleka Sajini kwa Daktari Musembi. Akakata kipande kidogo, kikatiwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara Nairobi. Majibu yalirudi mabaya kwa nusu: ilikuwa saratani, lakini tezi za chini ya taya zilikuwa safi bado. Ingekuwa ile punje ya mtama, daktari alisema, angeichomoa na sikio lingebaki. Sasa ilibidi sikio lote liondoke, pamoja na tundu lake, na jambo hilo halikuwa la kungoja.

Nilienda kumweleza Susu nikiwa na furaha, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya zaidi. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliposikia, akaweka ungo chini.

"Mkate sikio?" akasema. "Kwani Sajini aliiba nini?"

Hapo lazima niwaeleze wale ambao hamkukulia upande ule. Katika vijiji vile mbwa aliyekamatwa akila mwana-mbuzi, au kuku wa jirani, hakuuawa mara ya kwanza. Alikatwa sikio moja. Mwenye mbwa hakuruhusiwa kukata mwenyewe. Aliyeitwa kukata ni Mzee Nzioka, ambaye baba yake pia alifanya kazi hiyo, na alikata mbele ya aliyedhulumiwa. Kuanzia siku hiyo mbwa yule alijulikana kwa mbali. Akionekana karibu na zizi lisilo lake alipigwa mawe, na hakuna aliyeulizwa kwa nini alipiga.

Susu hakuwa mjinga. Mbwa wake alipita katika mashamba ya watu kila siku akiwa katikati ya mbuzi. Nilimweleza habari ya saratani kwa kila namna niliyoijua, naye akanisikiliza, kisha akasema, "Wewe unaniambia ugonjwa utamuua. Mimi nakuambia jiwe litamuua. Wacha afe na masikio yake."

Nilikasirika. Nilipanda pikipiki nikaondoka bila kunywa chai yake, na huko kwetu hiyo si tabia nzuri. Nilikuwa nimezoea kupigana na oili na tumbaku, mambo ya kutojua. Huyu alijua kila kitu nilichojua, na zaidi.

Wiki zikapita. Niliendelea kupita kwake kwa kuwa Sajini alihitaji kusafishwa kidonda, na hatukuzungumza juu ya kisu. Kisha siku moja nikamkuta amekaa mbele ya bakuli la ugali la mbwa. Sajini alikuwa anachukua tonge, analia akitafuna, analiacha.

"Jana nilimwita akiwa amenipa mgongo," Susu akaniambia. "Nikiwa upande ule mbaya. Hakunisikia mpaka nikamgusa." Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Mwiitu wakwa, nifanye nini?"

Nilienda kwa Mzee Nzioka. Nilimkuta ananoa panga, nikamweleza yote, na nikamwambia wazi kwamba desturi yake ndiyo inayomuua mbwa yule. Akaendelea kunoa. Mwishowe akavaa koti lake tukaenda pamoja kwa Susu, akamwinamia Sajini, akaangalia sikio lile kwa makini. Aligeuza uso kwa harufu, akaangalia tena.

"Kalondu," akasema, "heri nusu shari kuliko shari kamili. Peleka mbwa. Maneno ya watu niachie mimi."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba huyu hakuiba. Alikuwa mgonjwa. Nikisema mimi, nani atabisha? Si kisu ni yangu?"

Naye alifanya hivyo. Alipita nyumba hadi nyumba kijiji kizima, na Jumapili akasimama kanisani wakati wa matangazo, mzee ambaye hakuwa amesimama pale tangu arusi yake. Daktari Musembi akapasua, na kipande kilichokatwa kilipopimwa, kando zake zilikuwa safi. Alikuwa ameitoa saratani yote. Sajini alirudi nyumbani na upande mmoja wa kichwa laini, nyuzi zimepangwa vizuri, na siku chache baadaye alikula bakuli lake lote akaangalia kama kuna jingine.

Nilimfundisha Susu kulilinda sikio lililobaki. Kila jioni mbuzi wakishaingia, aliinua, akatazama, akanusa. Alinusa kwa bidii kuliko wasaidizi wengi niliofanya nao kazi. Majirani walimtania kwamba ameokoka kwa pua, naye akawajibu walete mbwa wao na wao wenyewe, awanuse wote. Nakumbuka miezi ile kwa shukrani. Ugonjwa ulikuwa umeshindwa, mbwa alikuwa kazini, na mbuzi wa Susu walikuwa wamezaa.

Halafu mvua za mwisho wa mwaka zikakosa kuja. Visima vya mchanga vya karibu vikakauka, na mbuzi wa kijiji kizima wakaanza kwenda mbali, mpaka kwenye mkono mwingine wa mto, kwa watu ambao Mzee Nzioka hakuwa amewafikia. Hakuna aliyelifikiria hilo. Mwaka wa ukame kila mtu hufikiria maji tu.

Mzee Nzioka ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika nilimkuta Susu amekaa juu ya kigoda nje, na mbele yake kuna wilbaro. Sajini alikuwa ndani yake, amefunikwa gunia. Kando alisimama mwanamume wa makamo, Mutua, kutoka ng'ambo ile ya mto. Alikuwa amelisukuma wilbaro njia yote baada ya wachungaji wengine kumwambia mbwa yule ni wa nani.

"Nilimwona ameingia kwa mbuzi zangu, kwa zile ndogo," akaniambia, ingawa sikumuuliza. Nadhani alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima. "Kumbe alikuwa anatenganisha zake. Nilimpigia kelele aende. Hakugeuka hata. Nikasema huyu ni mwizi sugu, hata haogopi."

Mbwa hakugeuka kwa sababu Mutua alikuwa amesimama upande wa kushoto. Nilijua hivyo, na Susu alijua, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kumwambia.

"Niliona sikio tu, Susu," Mutua akasema. "Nisamehe. Niliona sikio tu."

Susu alionyesha mahali nyuma ya zizi akasema Sajini azikwe pale. Mbwa hazikwi kwetu, hutupwa msituni, lakini Mutua hakuuliza kitu. Alichukua jembe akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu ya kiangazi, na alipochoka Mzee Nzioka alitaka kumpokea, akakataa. Mimi nilikaa chini karibu na kigoda cha Susu nikamshika mkono, nami nililia. Nilikuwa nimekwisha kuona mamia ya wanyama wakifa. Huyu alikuwa amepona.

Mutua alikuwa amefuatwa na mbwa wake, mwenye masikio meupe. Mbwa huyo alinusanusa wilbaro, kisha akaja kwa Susu akakilaza kidevu chake gotini mwake, kwa kuwa mbwa hawajui nani amemfanyia nani nini. Nilinyoosha mkono nimfukuze. Susu akanizuia.

Akainua sikio moja la mbwa yule, akatazama ndani, akanusa. Akaliacha. Akainua la pili, akapitisha kidole ukingoni, akakisimamisha mahali pamoja.

"Wewe," akamwita Mutua. "Hii kidonda imekaa tangu lini?"

Mutua akainuka ndani ya shimo. "Hiyo ni jua, Susu. Inapona, inarudi."

"Iko sikio moja tu."

"Eeh, moja."

"Jua lako linachagua upande?" Sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Kesho umpeleke Kitui, kwa Musembi. Mwambie umetumwa na mimi. Usingoje vile nilingoja."

Mutua akamtazama, kisha akamtazama mbwa, kisha akarudi kuchimba akiwa ameinamisha kichwa ili tusimwone uso.

Alikwenda, asubuhi iliyofuata. Kipande kilipelekwa Nairobi, na ilikuwa saratani ya ngozi, ile inayoletwa na jua letu, ndiyo kwanza inaanza. Daktari Musembi hakuhitaji kuondoa sikio zima. Aliondoa nusu ya juu, akashona, akamrudisha mbwa mikononi mwa mwenyewe akiwa na sikio moja zima na moja pungufu, alama ile ile ambayo kila mtu kule aliijua kwa mbali.

Nyinyi mtafanya kazi mkiwa na dawa nzuri kuliko zetu na simu zinazopiga picha mpaka ndani ya tundu la sikio. Nafurahi kwa ajili yenu. Lakini jifunzeni pia yule mnyama anarudi wapi mkishamaliza, na njiani atakutana na nani. Mimi nilijifunza hilo kwa Sajini, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu kazini.

Mutua angeweza kumfunga mbwa wake nyumbani. Wengi wangefanya hivyo. Badala yake nyuzi zilipotolewa alimfunga kamba shingoni, akaanza na nyumba za ng'ambo ya mto, akavuka, akapita vijiji vya upande wetu lango kwa lango, kazi iliyomchukua kiangazi chote kilichobaki. Mimi mwenyewe nilimkuta siku moja mbele ya boma la watu nisiowajua, amevua kofia, mbwa amekaa miguuni pake. Wenye boma walikuwa wametoka nje na mtu mmoja alikuwa tayari ameokota jiwe.

"Huyu si mwizi, alikuwa mgonjwa," Mutua alikuwa akiwaambia. "Na yule niliyemuua mimi, yeye pia hakuwa mwizi."